Kuuza Samaki Aliye Bado Mtoni



Somo la toleo hili lilinianzia kwenye mawe ya mto, maktaba ikafuata baadaye. Kati ya Nimule na Juba mto wetu, Bahr el-Jebel, huteremka juu ya mawe, na ndiyo sababu meli zinazotoka kaskazini huishia hapa kwetu. Kusini mwa mji, upande wa Rajaf, kuna mahali maji huzunguka polepole nyuma ya majabali, na hapo ndipo ninapokaa siku za Jumamosi. Sina boti wala wavu. Nina mshipi, ndoana mbili, chubwi moja na nyungunyungu ndani ya kopo la maziwa.

Anayevua kwa mshipi kutoka kwenye mawe huijua bahati kuliko mwenye wavu. Mnasimama wawili juu ya jabali moja, chambo kimoja, saa moja. Mwenzako anatoa sato watatu, hawa wanaoitwa bulti hapa Juba, wewe unatoa majani. Kesho yake mambo yanageuka.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kuvua kwenye miamba ya Mama Ngina kule Mombasa nilikokulia, alikuwa na maelezo yake: usimwulize mvuvi anakwenda wapi, na usiuruke mshipi uliolazwa chini, utaleta nuksi. Huyo huyo mjomba alihesabu bamvua na maji mafu kwa tarehe za mwezi, akajua ni wakati gani changu husogea mwambani. Nilipokuwa mdogo nilidhani yote ni elimu moja. Kumbe kuyajua maji ni kushika sababu, na kuogopa mshipi ulioruka ni tiyara, ambayo Mtume (S.A.W.) ameikanusha katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Hilo wengi wetu tunalijua, sitakaa nalo sana. Lililonitatiza mimi ni jingine.

Jumamosi moja ya muhula uliopita, fedha za chakula zilikuwa zimeniishia. Mama mmoja Mnubi kutoka Arua, ambaye hukaanga samaki karibu na njia ya mtoni, alishuka kwenye mawe na beseni tupu.

"Mwanangu, umepata?"

"Bado, mama."

Akafungua kanga yake, akatoa pauni elfu thelathini. "Shika. Chochote utakachovua kuanzia sasa mpaka Maghrib ni changu, kiwe kidogo, kiwe kingi. Usipopata, basi, ndiyo bahati yangu."

Nilizipokea kabla hajamaliza kusema.

Saa moja baadaye nilijikamata nikifanya jambo la ajabu. Mshipi ulitikisika nami sikuuvuta haraka. Nilikuwa nawaza: fedha ziko mfukoni tayari. Akija sangara mkubwa, nitakuwa nimetoa kitu cha thamani mara tatu ya nilicholipwa. Wasipokuja, sina ninachopoteza. Mimi, mvuvi, nimesimama juu ya jabali natamani samaki wasije! Maghrib iliingia sina kitu. Mama alichungulia ndoo, akasema alhamdulillah, akapanda njia na beseni lake tupu. Hakulalamika hata kidogo. Usiku ule nilikula wali na maharage kwa fedha zake, na chakula hakikushuka vizuri.

Nikaanza kutafuta. Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya majini. Aya ya 90, sita tu kabla yake, imeharamisha kamari. Kuvua kuna bahati tele, na kamari ni hivyo hivyo. Ikiwa zote mbili zinategemea jambo lisilojulikana, tofauti iko wapi?

Tofauti nimeiona katika kuuliza nani anapata kwa hasara ya nani. Nikirusha mshipi nikakosa, hakuna aliyetajirika kwa kukosa kwangu. Nikipata, hakuna aliyenyang'anywa. Jambo lisilojulikana liko baina yangu na mto, na rizki iko kwa Mwenye mto. Lakini jambo hilo hilo likiingizwa katikati ya watu wawili na kuwekewa bei, limekuwa kitu kingine. Hapo tumefika kwenye Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) katika Sahih Muslim, inayokataza biashara ya gharar. Imam Nawawi, alipoisherehesha, alitaja miongoni mwa mifano yake samaki aliye ndani ya maji mengi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikakifungua tena.

Imam Malik ndiye aliyenifafanulia zaidi, katika Muwatta. Anatoa mfano wa mtu aliyepotelewa na mnyama mwenye thamani ya dinari 50, akaja mwingine akamnunua huko huko alikopotea kwa dinari 20. Akipatikana, muuzaji ameondokewa na 30. Asipopatikana, muuzaji amechukua 20 za mwenzake bure. Lazima mmoja aumie ili mwingine afurahi. Badala ya mnyama aliyepotea weka sangara wangu, na hesabu ni ile ile. Ile tamaa yangu pale jabalini haikuwa ukorofi wa moyo wangu peke yake. Mkataba wenyewe ulinifanya adui wa mteja wangu.

Mwenzangu mmoja wa darasa alinipinga: mama aliridhia, tena yeye ndiye aliyependekeza. Kweli. Lakini hata wacheza kamari hukaa mezani kwa ridhaa zao. Ridhaa ni sharti la biashara, haiwezi peke yake kusafisha biashara iliyoharibika.

Je, mama angefanyaje apate samaki wake? Njia zipo. Angeweza kunilipa ujira wa saa zangu, kwa mafaqihi wanaoruhusu kumwajiri mtu kuwinda kwa muda maalumu. Hapo analipia kazi, nami nina deni la kurusha mshipi kwa bidii. Au angenunua kwa salam: Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) inaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili, akawawekea masharti ya kipimo, uzito na muda unaojulikana. Katika salam samaki hafungwi na ndoana yangu wala na jabali langu. Anakuwa deni juu yangu, na mto ukininyima nitamtafuta kwingine.

Nilimwendea ustadh wetu. Akasema zile fedha ni za kurudishwa, kisha akaniongezea jambo ambalo sikulitarajia: nisizigeuze juu kwa juu kuwa malipo ya salam, kwa kuwa mtaji wa salam hutolewa pale pale kwenye kikao, haufanywi kwa deni. Nilikuwa nimebaki na elfu kumi na mbili. Nikaazima kumi na nane kwa mwenzangu wa chumba, nikashuka mtoni.

"Kwani nimekudai, mwanangu?" mama aliuliza.

Nikamweleza. Alizipokea elfu thelathini zake, akazihesabu noti moja moja, akanirudishia kwa makubaliano mapya: kambare wawili wabichi, kila mmoja asiyepungua kilo, Alhamisi kabla ya Adhuhuri. Siku hiyo hiyo nikamlipa mwenzangu.

Mpaka Jumatano usiku mto ulikuwa umenipa mmoja. Sikutamani asije. Nilirusha mpaka vidole vikafa ganzi. Alhamisi asubuhi nikaenda Konyo Konyo kumnunua wa pili, kwa bei iliyokula faida yote na zaidi.

Mama aliwapima mkononi mmoja mmoja, akauliza yupi wa mtoni na yupi wa sokoni. Nikamwambia wote ni wa mtoni, ila mmoja alivuliwa na mwenye bahati.

Wallahu a'lam.