Somo kwa Vijana: Kidato kwa Kidato

Kijana mmoja wa hapa Buhongwa ataka kuacha shule ili acheze mpira Ulaya kama Mbwana Samatta. Hatukumkemea, tulihesabu naye vidato vya ngazi ile.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akadumu huko zaidi ya miaka minne, hata klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Ndipo Januari 2016 akachukuliwa na Genk ya Ubelgiji.

Hakuruka kidato. Basi, kijana, shule ndicho kidato ulichokanyaga sasa. Someni Luka 16:10, mkajiulize: kidogo tulichokabidhiwa leo twakitunzaje?