“Hata haonekani mgonjwa!”

Swali: Mwanangu wa miaka 19 ana usonji. Tunauza vitenge Mtaa wa Kongo, na wateja humsifu mbele yake: “Hata haonekani mgonjwa!” Niwajibuje?
Mama, Kariakoo

Jibu: Mama yangu, sifa hiyo inaumiza. Usonji si ugonjwa. Ni jinsi ubongo ulivyokua tangu utotoni, wala hausomeki usoni. Akitulia katikati ya kelele za Kariakoo, huenda anajikaza mno, na jioni anakuwa hoi. Wengine hudhani kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu. Wapo, lakini wachache. Na usonji si jambo geni mjini: Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, hapo Ilala, ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji.

Mwambie mteja, “Muulize mwenyewe bei, anazijua.” Kisha nyamaza. Mwache kijana ajibu, hata akichelewa.