Tumlinde Anayetutibu

Ugonjwa mgeni wa kifua uingiapo nchini, mara nyingi wa kwanza kukutana nao ni muuguzi aliye mlangoni pa zahanati. Yeye humpokea mgonjwa kabla ugonjwa haujapata jina. Ugonjwa wa SARS, uliozuka China mwishoni mwa mwaka 2002, uliwapata watu 8,096 duniani. Kati yao 1,706 walikuwa wahudumu wa afya, yaani mmoja katika kila watano. Daktari Carlo Urbani, Mwitalia aliyeutambua huko Hanoi, alikufa kwa ugonjwa huo huo mwezi Machi 2003.

Kwetu Tanzania, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza. Ilikuwa haki, kwani muuguzi mmoja akianguka, wagonjwa wengi hukosa mtu wa kuwauguza.

Magonjwa hayo husafiri kwa pumzi na kikohozi, na katika chumba kilichofungwa hewa chafu hukawia. Basi wakuu wa hospitali yawapasa kufungua madirisha, kumtenga mapema mwenye kikohozi, na kuwapa wahudumu barakoa zinazobana vema usoni. Sifa peke yake hazimkingi mtu. Tena hatari kubwa i katika kuvua: glavu hutangulia, kisha miwani na joho, barakoa huvuliwa mwisho, nje ya chumba cha mgonjwa, na mikono huoshwa.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mtu wa Ruhuwiko aendaye hospitali ya mkoa mjini Songea, au Peramiho, na aseme mapema: "Nakohoa, nina homa, nimetoka safari mahali fulani." Asifiche neno kwa haya. Afunike kinywa na pua. Ndugu wasijazane wodini. Atoshe mmoja wa kumhudumia. Na muuguzi arudipo mtaani, asiepukwe kana kwamba yeye ndiye ugonjwa.

Wazazi, wafundisheni watoto mambo haya sasa, kungali na utulivu. Usiku mama atakaposhikwa na uchungu wa kujifungua, tutamhitaji muuguzi yule yule, akiwa mzima.