Kufundisha Utengenezaji wa Feriti kwa Jeli Inayojiwasha

Mwalimu wa kemia anayefundisha uoksidishaji na upunguzaji aghalabu huishia ubaoni: elektroni zinatoka huku, zinaingia kule, mlinganyo unasawazishwa, kengele inalia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi somo hilo linavyoweza kufundishwa kwa kutengeneza kitu ambacho mwanafunzi atakiona kikivutwa na sumaku, yaani unga wa feriti ya magnesiamu, MgFe₂O₄, ambao chembe zake ni za makumi ya nanomita tu. Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Hata hivyo njia hii ina moto ndani yake, na sisi wenyewe tuliwahi kuudharau.

Njia ya kale ni kusaga oksidi mbili pamoja na kuzichoma kwa saa nyingi katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1000 za Sentigredi. Unga uliosagwa, hata ukiwa laini namna gani, ni kama mahindi na maharage katika chungu cha makande: vimechanganyika, lakini kila punje ingali punje. Ioni hazina budi kusafiri ndani ya yabisi ili zikutane. Katika mmumunyo zimekwisha kukutana. Kazi iliyobaki ni kuzizuia zisitengane maji yanapokauka, nayo ndiyo kazi ya kwanza ya asidi ya sitiriki, ile iliyomo katika ndimu: huzishika ioni za metali. Kazi yake ya pili ni kuwa kuni. Wanafunzi huikumbuka hii ya pili na kuisahau ile ya kwanza.

Asidi hiyo ilitumiwa na Maggio Pechini katika hataza yake ya Marekani ya mwaka 1967. Mwaka 1988 Kingsley na Patil, huko Bangalore, India, walieleza jinsi naitreti ya alumini na urea vilivyowaka na kutoa alumina kwa dakika chache katika tanuri la nyuzi 500.

Kiini cha somo ni hesabu. Kwa utaratibu uliotolewa na Jain na wenzake mwaka 1981, kaboni huhesabiwa +4, haidrojeni +1, oksijeni −2, metali kwa valensi yake, na naitrojeni sifuri. Hapo mwanafunzi makini atapinga: je, naitrojeni ya naitreti si +5? Asinyamazishwe, kwani swali lake ni bora kuliko hesabu yenyewe. Naitrojeni huhesabiwa sifuri kwa sababu tunachukulia kwamba mwisho wa safari yake ni gesi ya N₂. Basi naitreti ya chuma, Fe(NO₃)₃, ni 3 − 18, yaani −15. Ya magnesiamu ni −10. Asidi ya sitiriki, C₆H₈O₇, ni +18. Moli 1 ya feriti huhitaji moli 2 za naitreti ya chuma na moli 1 ya ile ya magnesiamu, jumla −40. Tukigawa 40 kwa 18 twapata moli 2.22 za asidi.

Kwa gramu 2 za feriti, mwalimu apime gramu 8.08 za naitreti ya chuma yenye molekuli tisa za maji, gramu 2.56 za naitreti ya magnesiamu yenye molekuli sita, na gramu 4.67 za asidi yenye molekuli moja. Aviyeyushe katika maji machache yaliyotoneshwa, avikoroge kwa joto la nyuzi 80 hivi mpaka viwe kama asali, kisha jeli. Joto likiongezwa hadi kupita nyuzi 200, jeli huvimba, hushika moto, na kaa hutambaa mpaka mwisho bila kuchochewa. Wengi huongeza amonia. Sisi hatuiongezi darasani, maana huzaa naitreti ya amonia na kuukoleza moto.

Katika chuo kimoja tuliwahi kutumia kiasi mara tano ya hiki, tena katika chupa yenye shingo nyembamba. Povu lilipanda, likawaka, na makaa yakarushwa juu ya meza. Daftari la mwanafunzi mmoja liliungua. Kila moli ya feriti hutoa zaidi ya moli 26 za gesi na mvuke. Hizo ndizo zinazoufanya unga uwe mwepesi, na ndizo zilizotafuta njia ya kutokea. Tangu siku hiyo twatumia bakuli pana la kauri, ndani ya kabati lenye feni ya kutoa hewa, kwa kuwa gesi ya kahawia ya oksidi za naitrojeni nayo hutokea. Mwalimu peke yake ndiye awashe, akiwa amevaa miwani ya kinga. Wanafunzi wakae nyuma ya kioo.

Unga ukipoa, sumaku ifungwe kwa karatasi kabla ya kusogezwa, la sivyo kuusafisha ni kazi ya wiki nzima. Kisha liulizwe swali: magnesiamu haina sumaku, chuma kinayo, je, ioni mbili za chuma hufanyaje? Ndani ya fuwele kuna nafasi za aina mbili, na ioni za chuma zilizo katika nafasi tofauti huelekeza sumaku zao pande zinazopingana. Kama zingegawanyika nusu kwa nusu kamili, zingefutana. Zisipolingana, tofauti yao ndiyo tuionayo. Chuo chenye tanuri kichome sampuli mbili kwa joto kubwa, moja ipozwe ghafla na nyingine polepole. Iliyopozwa ghafla huvutwa zaidi, kwa kuwa magnesiamu nyingi zaidi imenaswa katika nafasi isiyo yake.