Binti anacheza magongo: piga hesabu kabla ya kutuma hela ya chuo

Jumapili iliyopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani Randburg alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Binti yake yuko Nairobi, amemaliza sekondari, anacheza mpira wa magongo vizuri kweli, na chuo kimoja hapa Jozi kimemwandikia. "Kaka, wamesema watamsomesha. Nitume hela ya kushika nafasi?"

Nikaisoma. Haikusema watamsomesha. Ilisema ufadhili wa "hadi" nusu ya ada ya masomo, tena unaangaliwa upya kila mwaka. Hilo neno "hadi", ndugu zangu, liogopeni. Wakimpa robo, barua bado ni ya kweli.

Tukapiga hesabu, kwa namba za mfano tu: ada rand 60,000, chumba na chakula 48,000, bima 7,000, magongo, viatu na safari 5,000. Jumla 120,000 kwa mwaka. Toa nusu ya ada, 30,000, zinabaki 90,000. Hiyo ni 7,500 kila mwezi. Mshahara wake wote haufiki hapo.

Halafu kuna suala la pasi. Mkataba wa elimu wa SADC wa mwaka 1997 unataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji, kwa hiyo Mtanzania na Mkongo wana nafuu. Kenya na Uganda hazimo, na ada ya mgeni huwa juu. Mikopo ya NSFAS si ya mwenye visa ya mwanafunzi. Visa yenyewe inadai bima ya afya iliyosajiliwa huku huku.

Tuje kwenye masomo. Mwaka wa chuo hapa unaanza Februari, na magongo huchezwa majira ya baridi, kwa hiyo mechi zinagongana na mitihani ya Juni. Mimi nilisoma biashara, alasiri zilikuwa na nafasi. Anayesoma uuguzi ana zamu za hospitali, na mhandisi yuko maabara saa zile zile za mazoezi. Uwanja ulipo pia ni hesabu. Wits wanacheza Braamfontein, pale pale chuoni, na UJ wako Auckland Park, kwa hiyo mtoto hamalizi jioni ndani ya teksi. Makombe, kocha atakusimulia mwenyewe, hana haja ya kuulizwa.

Yeye muulize haya. Akifeli somo anaendelea kucheza? Akiumia goti mwezi wa tano, ufadhili unafika Desemba? Nani analipa daktari? Wachezaji walioingia miaka minne iliyopita, wangapi wamehitimu? Majibu yaje kwa maandishi, maana kocha akihama anaondoka na ahadi zake.

Na msitegemee magongo yalipe deni baadaye. Timu ya taifa ya wanaume ya hapa iliifunga Ujerumani 4-3 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, lakini wachezaji ilibidi wachangishe pesa ili waende.

Dada yetu hajatuma hela. Strathmore na USIU, zote za Nairobi, zina timu kwenye ligi ya Kenya, na shangazi wa binti anakaa Kasarani, jirani na USIU. Kitanda kipo, visa haitakiwi. Binti anataka kusoma uhasibu. Wiki hii anaandika maombi kote kuwili, na mama anasubiri kuona barua ipi haina "hadi".