Elea: mji wa wakimbizi, shule ya falsafa

Wapo wanaosema falsafa ni anasa ya watu walioshiba. Historia ya Elea yatufundisha mengine.

Mnamo mwaka 545 K.K. hivi, jeshi la Waajemi chini ya jemadari Harpagus liliuzingira Phocaea, mji wa Wagiriki katika pwani ya Uturuki ya leo. Herodotus asimulia kwamba wenyeji walikimbia kwa merikebu pamoja na wake na watoto wao. Walizamisha chuma baharini, wakaapa kutorudi mpaka kielee. Hata hivyo, zaidi ya nusu walizidiwa na hamu ya nyumbani, wakarudi. Wengine walifika Alalia, katika kisiwa cha Corsica. Baada ya vita vya baharini wakahama tena, wakaanzisha bandari ya Elea, kusini mwa Italia.

Humo alizaliwa Parmenides, mwalimu wa Zeno. Alifundisha kwamba kilichopo hakianzi kuwapo, hakikomi, wala hakibadiliki. Mapokeo yasema pia kwamba aliutungia mji wake sheria.

Basi, swali kuu la metafizikia, yaani ni nini hudumu, liliulizwa katika mji wa watu waliokwisha kupoteza kwao. Tulisome kwa heshima hiyo.