Darsa: Haki ya Njia na Kumeza Hasira Juu ya Kipando

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo: darsa yetu ya mara hii haihusu udhu, wala mirathi, wala mengineyo tuliyoyazoea. Yahusu njia ya lami, na pikipiki, na hasira. Huenda msomaji akastaajabu, akasema, "Hili lina nini na dini?" Twamwomba asubiri mpaka mwisho.

Wengi katika sisi watu wa Pwani husafiri kwenda Embu na Meru, huyu kwa biashara, yule kwa kuzuru jamaa, mwingine kwa kusomesha watoto. Yaliyotupata sisi wenyewe katika safari kama hiyo ndiyo yaliyotutia haya hata tukaandika. Tulikuwa ndani ya gari moja, tumetoka Embu, tumekwisha kupita Runyenjes, na sasa twateremka kuuendea mto wa Thuci. Pikipiki ikatoka katika njia ya vumbi iliyo kushoto, mwendeshaji hakutazama kulia wala kushoto, akatukatia mbele. Mwenzetu aliyeshika usukani akakanyaga breki kwa nguvu, gari likayumba, kisha likakaa sawa. Hapana aliyeumia.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema Alhamdulillahi. Hatukusema. Tulipandwa na hasira, tukamfuata mtu yule kwenye mteremko huku twapiga honi na kumwashia taa kubwa, na mmoja wetu ametoa kichwa dirishani akisema maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Tulipomkaribia tuliona kuwa amepakia bibi mzee. Mkono mmoja wa bibi yule umeshika koti la mwendeshaji, wa pili umeshika furushi, naye amegeuza uso anatutazama sisi, macho yamejaa hofu. Yeye hakutukosea kitu. Tulitaka kumwadhibu mmoja, tukamtia hofu mwingine. Na lau pikipiki ile ingeteleza, damu yake ingekuwa juu ya shingo zetu. Mwenzetu akapunguza mwendo. Tukanyamaza mpaka Chuka, na tuliposhuka kuswali Adhuhuri tuliona haya hata kutazamana.

Basi tujifunze, ndugu zetu, kwanza sisi wenyewe tunaoandika.

ASILI YA MAS'ALA. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwakataza sahaba zake kukaa njiani. Walipotoa udhuru kuwa hawana pengine pa kuzungumzia, aliwaambia kwamba wakiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Walipomwuliza haki hiyo ni nini, alitaja kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazama: njia ina haki, kama jirani alivyo na haki. Na katika hadithi nyingine, kuondoa kinachoudhi njiani kumehisabiwa kuwa ni tawi la imani. Ikiwa kuokota mwiba ni imani, atakuwaje yule ambaye yeye mwenyewe ndiye mwiba?

Tena tuutazame mwendo wake Mtume (s.a.w.) alipokuwa juu ya kipando. Siku ya kuondoka Arafa watu walikuwa wengi mno. Alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakipigwa wapate kwenda mbio. Akawaashiria kwa mjeledi wake, akawaamrisha utulivu, akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Na imepokewa kuwa yeye mwenyewe alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi mbele yake ndipo alipoongeza mwendo. Hapa pana kanuni yote ya udereva: palipo na watu, pole pole, palipo wazi, ongeza kwa kiasi.

HALI YA NJIA ILE. Msomaji asiyefika huko na ajue kwamba njia ya kutoka Embu kwenda Meru hupita kwenye miguu ya Mlima Kenya. Mito hushuka kutoka mlimani na kuikata njia mmoja baada ya mmoja. Kwa hiyo gari huteremka bondeni, huvuka daraja, kisha hupanda tena, na kona ni nyingi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilianguka katika daraja la mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa Waislamu katika hao, na awape subira wafiwa wote. Njia ya namna hii haina nafasi ya mashindano.

Ama pikipiki, jina la bodaboda lilianza mpakani Busia, zilipokuwa baiskeli za kuvushia watu kati ya Kenya na Uganda. Tangu mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki za nguvu ndogo, zimeenea kila mji na kila kijiji. Huko Meru na Embu ndizo zinazompeleka mgonjwa zahanati, na mtoto shuleni, na mkungu wa ndizi sokoni, katika vilima ambavyo gari halifiki. Wengi wa vijana hao pikipiki si mali yao. Kila jioni humpelekea mwenye nayo fedha walizoagana. Hatusemi haya ili kuhalalisha ubaya wao. Twayasema ili tujue kwamba yule anayetukatia mbele huenda anakimbizwa na deni, wala hana uadui nasi.

ADABU ZA ALIYE JUU YA PIKIPIKI. Ya kwanza ni kumkumbuka Mola wakati wa kupanda, kwa dua iliyotajwa katika Sura ya Zukhruf, ambayo ndani yake mja hukiri kwamba asingeweza kukitiisha chombo kile kwa nguvu zake, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Aliyeyasema hayo kwa moyo hataona fahari kwenda mbio.

Ya pili ni kutii sheria ya nchi katika yaliyo na maslaha. Sheria ya Kenya yamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na yakataza kupakia zaidi ya abiria mmoja. Na mwendo ndani ya mji usizidi kilomita 50 kwa saa. Abiria anayemlazimisha kijana awapakie watatu ili nauli ipungue ni mshirika wake katika kosa.

Ya tatu ni haki ya mwenye kwenda kwa miguu. Imesuniwa kuwa aliyepanda ndiye amsalimuye anayetembea. Na hekima yake, kama walivyosema wanazuoni, ni kumzuia aliyepanda asijione mkubwa. Vipi basi atamsalimu kwa honi ya kumtoa roho? Mwenyezi Mungu ameikemea sauti kubwa katika wasia wa Luqman kwa mwanawe, akaifananisha na ya punda. Na wakati wa mvua, udongo mwekundu wa Meru hugeuka tope. Mwenye pikipiki au gari apunguze mwendo asiwarushie watu. Mafakihi wamesamehe matope kidogo ya njiani katika nguo ya mwenye kuswali, lakini msamaha ule ni wa aliyerushiwa, si wa mrushaji.

ADABU ZA ALIYEKOSEWA. Hii ndiyo sehemu iliyo ngumu, nasi ndiyo iliyotushinda siku ile. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu mweleka, mwenye nguvu ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Na Mwenyezi Mungu amewasifu waja Wake katika Sura ya Furqan, aya ya 63, kuwa huenda juu ya ardhi kwa unyenyekevu, na wajinga wakiwasemeza hujibu kwa maneno ya salama. Zingatia kwamba sifa hii imetajwa pamoja na mwendo wao katika ardhi.

Dawa ya hasira imepokewa: kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na kunyamaza, na aliyesimama akae, na ikiwa haikumtoka alale. Atauliza mtu, "Dereva amekwisha kukaa, afanyeje?" Twajibu kwamba wanazuoni wameeleza kuwa aliyesimama yuko karibu zaidi na kupiga, na kukaa humweka mbali na tendo. Basi mwenye gari ajiweke mbali na tendo kwa namna yake: aondoe mguu kwenye mafuta, amwache mwenzake aende zake, na mikono ikitetemeka asimame kando mpaka moyo utulie. Dakika tano za kusimama ni nafuu kuliko kusimama mbele ya hakimu, na ni nafuu zaidi kuliko kusimama mbele ya Mola.

Huenda mtu akasema, "Mkiwanyamazia, watazidi kutudharau." Twasema: kumeza hasira si kuridhia maovu. Andika nambari ya chombo na uipeleke polisi, ikiwa hatari ni ya kweli. Ukiwa abiria, mwambie kijana kwa upole, "Mwanangu, twende pole pole, sina haraka." Maneno hayo yana nguvu kuliko matusi mia, kwani huyo hukimbia akidhani unalolipia ni mbio.

KUSAIDIANA KATIKA BATILI. Mara nyingi pikipiki inapogusana na gari, wenzake hukusanyika kabla haijajulikana nani mwenye kosa. Dereva hupigwa na pengine gari huchomwa. Mwezi wa Machi 2022, jijini Nairobi, kundi la waendeshaji lilimzunguka mwanamke mmoja garini mwake, wakidai kwamba amemgonga mwenzao, wakamvunjia heshima mchana kweupe. Nchi nzima ikaona aibu. Huu ndio ujinga wa zamani wa kabila, umevaa nguo mpya. Mtume (s.a.w.) aliamrisha mtu amsaidie ndugu yake, awe mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, alipoulizwa vipi atasaidiwa aliyedhulumu, akajibu kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Waislamu walio katika kazi hiyo, huko Meru na Embu na hapa kwetu, na wawe wa kwanza kuzuia mikono ya wenzao.

NA SISI TUNAONGOJA MZIGO. Tusiwalaumu watu wa Bara peke yao. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, hunyauka kwa siku chache, na kwa ajili hiyo magari yake yamejulikana kwa mbio za kutisha. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo mwezi ule ule. Hukumu ya kutafuna si maudhui ya darsa hii. Tunalosema ni kwamba anayeungojea mzigo huo barazani kwa pupa ana sehemu yake katika mbio zile, kama tulivyokuwa na sehemu yetu katika hofu ya bibi yule.

Hatukupata kumwomba radhi. Hatumjui jina wala kijiji chake. Tulichoweza ni kumwombea dua, na kuahidiana kwamba kila tutakapokosewa njiani tutaanza kwa Alhamdulillahi, kwa kuwa tungali hai wa kukosewa. Twamwomba kila msomaji aingie nasi katika ahadi hii.

Maswali ya kuzungumziwa katika duara: (1) Taja haki za njia, na ueleze kila moja yatimizwaje na mwenye gari. (2) Kwa nini aliyepanda humsalimu anayetembea? (3) Kuna tofauti gani baina ya kumeza hasira na kuridhia maovu? (4) Ni nani katika sisi aliyemkimbiza mtu njiani mwaka huu, hata akiwa ameketi nyumbani kwake?

Ewe Mola wetu, tupe utulivu juu ya vipando vyetu, na utusamehe tuliowatia hofu waja Wako. Amin.